Ugomvi kazini: mwongozo kamili wa kuupima, kuusikiliza na kuutolea uamuzi

Watu wawili hawasalimiani. Mmoja anatunza stoo, mwingine yuko manunuzi, na kwa miezi mitatu sasa kila ujumbe baina yao hupitia kwa mtu wa tatu. Wenzao wameshazoea, na baadhi wameshachagua upande. Siku jambo hilo linapofika mezani kwako, linakuja na hukumu yake tayari: "Hao wawili hawaivi chungu kimoja."

Mwongozo huu ni wa anayeketi upande huo wa meza, awe msimamizi, mkuu wa idara au afisa rasilimali watu. Wanazuoni wa saikolojia na utawala wameuchunguza ugomvi wa kazini kwa miongo mingi, na mengi waliyoyakuta yanapingana na tunayoyafanya kwa mazoea. Nimeyapanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, tangu siku unapopata habari hadi wiki kadhaa baada ya uamuzi. Si kila shauri litahitaji hatua zote. Ila ya kwanza usiiruke, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotea.

Hatua ya 1: Jua ugomvi ni wa nini kabla hujauliza ni wa nani

Karen Jehn, mtafiti aliyeanza kuandika juu ya migogoro ya vikundi vya kazi katika miaka ya 1990, alitenganisha aina tatu. Kuna ugomvi wa kazi yenyewe: tununue mashine hii au ile, ripoti iseme nini. Kuna wa utaratibu: nani afanye nini, aanze lini, nani mwenye neno la mwisho. Na kuna wa watu: chuki, dharau, maneno ya pembeni. Kwenye karatasi aina hizi zinaachana vizuri. Ofisini huja zimefumana, na ule wa watu ndio wenye kelele, kwa hiyo ndio tunaousikia.

Swali linalonisaidia kuzifumua ni hili: hawa wawili wakihamishwa kesho na wakaja wengine, ugomvi utarudi? Tuwatazame wale wetu wa stoo na manunuzi. Mzigo unafika bila makaratasi kamili. Mtu wa stoo anakataa kuupokea. Mtu wa manunuzi analalamika kwamba anakwamishwa makusudi. Ukichimba, unakuta hakuna mahali palipoandikwa ni nani anayepaswa kuhakikisha makaratasi yanafuatana na mzigo. Leta watu wapya wawili, wapole kama maji ya mtungini, na baada ya muda mfupi nao watakuwa wamenuniana. Wa kulaumiwa hapo ni mgawanyo wa majukumu wenye tundu, wala si tabia ya mtu.

Kwa nini basi akili hukimbilia tabia? Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu wasome insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro. Hata wasomaji walioambiwa waziwazi kwamba mwandishi alipangiwa upande, waliendelea kuegemea imani kwamba alichoandika ndicho anachokiamini. Tunamwona mtu, yanayomsukuma hatuyaoni. Mtu wa stoo akikataa mzigo tunamwita mkaidi, na hatukumbuki kwamba siku mali ikipungua ni yeye atakayeandikiwa barua ya kujieleza.

Kwa hiyo chukua karatasi moja. Andika kilichotokea, tarehe, kazi iliyokwama, na anayepaswa kuamua jambo hilo kwa mujibu wa maelezo ya kazi yake. Jizuie kuandika sifa yoyote ya mtu: mjeuri, mvivu, ana kiburi. Ukishindwa kuijaza karatasi bila maneno hayo, ujue bado hujaufahamu ugomvi. Umefahamu majungu yake tu.

Hatua ya 2: Pima kama unahitaji mkono wako

Si kila kubishana ni ugonjwa. Katika utafiti wake wa 1995, uliohusu vikundi 105 katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo, Jehn aliona kwamba pale kazi isipokuwa ya kurudiarudia, kupingana kwa hoja kunaweza kusaidia. Kwenye kazi za kila siku zenye taratibu zilizozoeleka, kupingana huko kulivuruga. Basi semina zikalidaka jambo hilo kwa nusu: "Ugomvi wa hoja ni mzuri."

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2003 Carsten De Dreu na Laurie Weingart walikusanya tafiti nyingi wakazichambua kwa pamoja, na wakakuta kwamba ugomvi wa kazi uliambatana na utendaji duni wa timu karibu kwa kiwango kilekile cha ugomvi wa watu. Mwaka 2012 Frank de Wit, Lindred Greer na Jehn mwenyewe walirudia zoezi kwa tafiti 116 zenye vikundi 8,880. Jibu lao lilikuwa na masharti: ubishi wa hoja unaweza kuwa na faida pale usipochanganyika sana na chuki, na katika timu za uongozi wa juu zaidi kuliko katika ngazi za chini.

Nikiri hapa kwamba tafiti za namna hii nyingi hupima uwiano. Zinaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, hazionyeshi lipi limelizaa lingine. Timu inayofanya vibaya nayo hugombana kwa sababu mambo yake ni mabaya. Mkufunzi akikuonyesha mchoro wenye mstari ulionyooka na kukuhakikishia kwamba kiasi fulani cha ugomvi huongeza tija, sikiliza kwa adabu, kisha urudi ofisini kwako uangalie watu wako.

Cha kuangalia ni mpaka kati ya hoja na chuki. Waache wabishane mradi wanabishania kazi. Mpaka umeanza kuvukwa pale "mpango huu una kasoro" inapogeuka kuwa "wewe kila siku hivyohivyo", pale mambo ya mwaka juzi yanapofukuliwa, na pale barua pepe ndogo zinapoanza kupelekwa nakala kwa wakubwa bila sababu. Ishara ninayoiogopa zaidi ni ya ukimya: mtu aliyekuwa mbishi kila kikao anaanza kusema "sawa" kwa kila kitu. Huyo ameshahama, kilichobaki ni mwili. Tony Simons na Randall Peterson walionyesha mwaka 2000 kwamba katika timu za uongozi ambamo watu wanaaminiana, ubishi wa kazi haugeuki chuki kwa urahisi; kwa hiyo dalili za kuaminiana kupungua zinatosha kukuinua kitini hata kama hakuna aliyelalamika.

Kuna mambo ambayo hayapiti njia hii hata kidogo. Unyanyasaji wa kijinsia, vitisho, kupigana, wizi na ubaguzi ni mashauri ya nidhamu, na mengine ni ya polisi. Kumketisha aliyenyanyaswa na aliyemnyanyasa "wayamalize" ni kumdhuru mara ya pili. Yapeleke kwa utaratibu wa nidhamu ulioandikwa, siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Msikilize kila mmoja peke yake, kwa maswali yaleyale

Waite wote wawili siku moja, wakifuatana. Ukimwita mmoja leo na mwingine keshokutwa, wa pili atafika akiwa amekwisha kusikia alichosema wa kwanza, au uvumi wake, na atakuja kujibu mashtaka badala ya kueleza.

Maswali yawe yaleyale na kwa mpangilio uleule. Kwenye ajira jambo hili limepimwa sana: Paul Sackett na wenzake walipozihesabu upya tafiti za uteuzi wa wafanyakazi mwaka 2022, usaili wenye maswali yaliyopangwa ulikaa juu ya orodha ya mbinu zinazotabiri utendaji, huku usaili wa mazungumzo huru ukiwa chini yake kwa mbali. Kusikiliza malalamiko si kuajiri, najua. Lakini hatari ni ileile: mazungumzo huru humpa msikilizaji nafasi ya kutafuta anachokiamini tayari. Unayempenda utamuuliza ilikuwaje. Usiyempenda utamuuliza kwa nini alifanya vile.

Haya ndiyo ninayoyauliza:

1. Mara ya mwisho jambo hili kutokea ilikuwa lini? Nieleze tangu mwanzo.
2. Kazi gani ilikwama, na nani mwingine iliyemgusa?
3. Mwenzako angelielezaje jambo hilihili, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angesema "ndivyo"?
4. Ungetaka nini kiwe tofauti kesho asubuhi?
5. Kwa upande wako, kuna ambalo ungelifanya vingine?

La tatu ndilo zito. Wengine hushindwa kabisa kulijibu, na kushindwa huko ni habari tosha: mtu hajui mwenzake anataka nini, ana picha tu aliyojichorea. Wengine huanza kwa kejeli, "atasema mimi ni mkorofi", kisha wanaponyamaza kidogo hulijibu vizuri kuliko walivyotarajia. Mpe muda. Usimsaidie.

Andika majibu kwa maneno yake, umsomee kabla hajatoka. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema mapema: "Nitakayoyasikia nitayatumia kutafuta ufumbuzi, usichotaka mwenzako akijue niambie sasa, nitakuambia kama inawezekana."

Hatua ya 4: Tafuta haja iliyojificha nyuma ya msimamo

Mary Parker Follett, aliyeandika juu ya utawala karne moja iliyopita, alisimulia mwaka 1925 kisa kidogo cha maktaba. Mwenzake chumbani alitaka dirisha lifunguliwe. Yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili kilichokuwa kitupu. Hapo hakuna aliyeshindwa, wala hawakugawana nusu kwa nusu, kwa sababu mmoja alichotaka ni hewa, na Follett alichokwepa ni upepo wa kaskazini kumpiga moja kwa moja. Dirisha lilikuwa msimamo. Hewa na upepo ndizo zilizokuwa haja.

Rudi kwenye madaftari yako. Mtu wa stoo anasema: "Sipokei mzigo usio na makaratasi." Haja yake ni kutolaumiwa mali ikipungua. Mtu wa manunuzi anasema: "Mzigo ukifika upokelewe." Haja yake ni gari la msambazaji lisikae getini likidai malipo ya kusubiri. Ukizitazama haja hizo, hazigombani. Mzigo unaweza kupokelewa kwa muda, ukatengwa mahali pake, ukahesabiwa mbele ya wote wawili, na usiingie kwenye vitabu hadi makaratasi yatimie.

Si kila ugomvi una dirisha la pili. Nafasi ya kupanda cheo ni moja na waombaji ni wawili; hapo usipoteze siku ukitafuta pa kukutana, nenda hatua ya 6.

Hapa pia ndipo watu hukumbuka zile namna tano za kukabili mgogoro zilizoenezwa na Kenneth Thomas na Ralph Kilmann tangu 1974: kushindana, kushirikiana, kukutana katikati, kukwepa, na kukubali yaishe. Ni msamiati mzuri. Shida ni pale dodoso lake linapotumika kuwabandika watu majina, "huyu ni mkwepaji", tukarudi palepale pa kuhukumu tabia. Mtu huyohuyo hukubali yaishe mbele ya bosi na kushindana mbele ya wa chini yake.

Hatua ya 5: Waketishe pamoja, mkiwa na kazi ya kufanya

Kikao cha pamoja kiwe kifupi na kiwe na kitu mezani: rasimu ya utaratibu, ratiba, mchoro wa nani anafanya nini. Usiwaite waje "wazungumze".

Nasema hivyo kwa sababu ya majaribio ya Muzafer Sherif ya mwaka 1954, yaliyofanyika kambini Oklahoma, Marekani, na wavulana wa miaka 11 hivi. Waligawanywa makundi mawili yakashindanishwa hadi yakachukiana. Kuwakutanisha tu, kwa chakula na michezo, hakukusaidia, walirushiana vyakula. Uhasama ulianza kupoa walipopewa matatizo ambayo kundi moja lisingeyaweza peke yake, kama maji ya kambi yaliyokatika. Watu wazima ofisini hawarushiani chakula, lakini hafla za "kujenga timu" nimeziona zikiishia vilevile, kila kundi meza yake.

Fungua kwa kusoma yale wanayokubaliana, ambayo kwa kawaida ni mengi kuliko wanavyodhani. Kisha weka rasimu mbele yao wairekebishe kwa kalamu zao. Wakitaka kurudia ya nyuma, wape dakika chache kila mmoja bila kukatizwa, halafu urudi kwenye karatasi. Samahani ikitoka, itoke yenyewe. Ya kulazimishwa humwaibisha anayeitoa na humchefua anayepewa.

Hatua ya 6: Wasipoafikiana, amua, na ulinde njia ya kuamua

Kwanza jitazame. Kama wewe ndiye uliyemwajiri mmojawao, au uliyemtetea apandishwe cheo, usiamue peke yako. Barry Staw aliwapa wanafunzi 240 wa biashara jukumu la kugawa fedha za kampuni katika zoezi la mwaka 1976. Waliokuwa wamechagua idara wenyewe, kisha idara hiyo ikafanya vibaya, waliimiminia fedha zaidi kuliko wale waliorithi uchaguzi wa mtu mwingine. Tunalipia makosa yetu mara mbili ili yasionekane makosa. Mfanyakazi "wako" naye ni uwekezaji wa aina hiyo.

Ukiunda jopo, watu watatu wanatosha. Hatari ya jopo ni kukubaliana upesi. Solomon Asch alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mtu aliyezungukwa na watu wanaotoa jibu lisilo sahihi kuhusu urefu wa mistari, jambo ambalo macho yanaliona wazi, mara nyingi huwafuata. Lakini akipata mtu mmoja tu wa kusema ukweli pamoja naye, shinikizo hilo lilishuka hadi kiasi cha robo ya lilivyokuwa. Na mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus walionyesha shimo jingine. Vikundi vilivyopewa taarifa zote kwa kila mjumbe vilimchagua mgombea bora kwa zaidi ya 80%. Taarifa zilezile zilipotawanywa, kila mjumbe akawa na vipande vyake, vikundi vilivyomchagua vilishuka chini ya robo. Watu walizungumzia zaidi yale ambayo wote walikuwa wanayajua tayari.

Dawa yake ni ya karatasi na kalamu. Kabla ya mjadala, kila mjumbe aandike maoni yake na sababu zake bila kusikia ya mwenzake. Kikao kianze kwa kila mmoja kutaja jambo analolijua yeye ambalo anadhani wengine hawalijui. Mwenyekiti aseme wa mwisho. Hilo la mwisho ni gumu kwa wenyeviti wengi, na ndilo lenye faida kubwa.

Kisha upitishe uamuzi kwenye masharti ya haki ambayo Gerald Leventhal aliyaorodhesha mwaka 1980. Je, mwingine aliyefanya hivihivi mwaka jana tulimtendea vivyo hivyo? Kuna mwamuzi mwenye maslahi? Taarifa tumezihakiki au tumezipokea tu? Kuna mlango wa rufaa, na unaamuliwa na mtu mwingine? Wote walioguswa wamesikilizwa? Na je, tulichofanya kinakubalika kimaadili, hata kama kanuni inakiruhusu? Swali moja likikosa jibu, uamuzi haujaiva.

Hatua ya 7: Utangaze kwa mdomo wako, na sababu zake

Jerald Greenberg alichapisha mwaka 1990 utafiti kuhusu viwanda vitatu vya kampuni moja. Katika viwili mishahara ilikatwa kwa 15% kwa wiki 10. Kwenye kimoja, uongozi uliitisha kikao cha kama saa moja na nusu, ukaeleza kwa takwimu kwa nini inabidi, ukasikitika, ukajibu maswali. Kwenye cha pili, kikao kilichukua kama robo saa na maelezo yalikuwa machache. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyokatwa mishahara ukilinganisha na kile cha tatu, lakini pale maelezo yalipokuwa haba uliongezeka zaidi sana. Makato yalikuwa yaleyale.

Kwa hiyo usitume barua kwanza. Mwite kila mmoja, aliyekosa alichotaka ndiye awe wa kwanza. Sema uamuzi katika sentensi ya mwanzo, maana akiwa anaungoja hasikii kitu kingine. Kisha sababu, kisha hoja yake uliyoipima na kwa nini haikushinda, kisha njia ya rufaa na tarehe yake ya mwisho. Nyamaza. Akikasirika, usianze kulegeza uamuzi ili utulie wewe. Barua ifuate siku hiyohiyo, yenye maneno yaleyale.

Ikiwa unamrekebisha mtu, zungumzia kazi. Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walipochambua tafiti za mrejesho mwaka 1996, waligundua kwamba katika zaidi ya theluthi ya matokeo, kumpa mtu mrejesho kulishusha utendaji wake, hasa pale maneno yalipomfanya ajifikirie yeye badala ya kazi. "Hesabu ya mzigo iwe imetiwa saini kabla ya saa kumi" humwonyesha la kufanya. "Umetuangusha" humrudisha nyumbani na kinyongo.

Hatua ya 8: Rudi baada ya wiki sita

Weka tarehe kwenye kalenda siku ileile ya uamuzi. Ukirudi, usiulize "mnaendeleaje", utajibiwa "vizuri". Angalia kitu kinachohesabika: mizigo mingapi ilipokelewa kwa muda, mingapi ilikosa makaratasi, mara ngapi mtu wa tatu aliitwa kupeleka ujumbe.

Usishtuke ukikuta malalamiko yameongezeka. Amy Edmondson, alipochunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta zinaripoti mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hawakuwa wakikosea zaidi. Walikuwa hawaogopi kusema. Utafiti wake wa 1999, uliohusu timu 51 za kampuni ya viwanda, ulihusisha hali hiyo ya kutoogopa na timu kujifunza zaidi.

Kwa hiyo tenganisha malalamiko ya aina mbili. "Fomu ya kupokelea haina sehemu ya saa" ni habari njema, na fomu irekebishwe wiki hiyo. "Bado ananidharau" yenye tukio na tarehe inarudi hatua ya 1, kwa karatasi mpya.